Nani husemea kaunti zetu? Baraza la Magavana, Jumuiya ya Pwani na haki ya mwananchi kuuliza

Mgao wa kaunti ukichelewa kutoka Nairobi, habari hufika kwetu kwa njia mbili. Ya kwanza ni zahanati, muuguzi anapomwambia mgonjwa akanunue dawa nje. Ya pili ni taarifa ya habari ya jioni, mwenyekiti wa Baraza la Magavana anapoipa Wizara ya Fedha siku kadhaa ilete pesa, la sivyo kaunti zitasimamisha shughuli. Hapo ndipo maswali huanza maskani. Hilo Baraza ni la nani? Lina nguvu gani kisheria? Na sisi wa Pwani tunapata nini kwa magavana wetu kukaa ndani yake?

Maswali haya nimeulizwa mara nyingi na wasomaji, na nimeona ni bora niyajibu mahali pamoja, kwa sheria na kwa miaka, ili kila mtu apate pa kurejelea. Maoni yangu nitayatoa pia, lakini nitayatenga na yale yaliyo katika sheria.

Jumuiya ya serikali za mashinani ni kitu gani

Tuanze na maana. Vyama tulivyovizoea, kama cha ushirika, cha wavuvi au cha mabodaboda, wanachama wake ni watu. Jumuiya ya serikali za mashinani ni tofauti kwa sababu wanachama wake ni serikali zenyewe. Kila kaunti, au kila halmashauri kwa wenzetu wa Tanzania, inaingia kama mwanachama mmoja, na anayekaa kwenye kiti ni kiongozi wake.

Kazi ya jumuiya kama hiyo ni mbili. Ya kwanza ni kuwakilisha: kwenda mbele ya serikali kuu, bunge na mahakama kwa sauti moja, kwa sababu kaunti moja ikienda peke yake ni rahisi kupuuzwa. Kidole kimoja hakivunji chawa. Ya pili ni kusaidia: kutoa mafunzo, kuandaa mifano ya sheria, kulipia mawakili na wataalamu, na kumwonyesha mwanachama mmoja alichofaulu mwenzake.

Penye kazi hizo mbili pana swali la tatu ambalo halisemwi sana. Jumuiya inasemea serikali za kaunti, haisemei moja kwa moja watu wa kaunti. Mara nyingi maslahi hayo mawili hufuatana. Wakati mwingine hayafuatani, na ndiyo maana nasema ni juu ya mwananchi kufuatilia.

Tulikotoka

Pwani imeshaonja mara mbili kuwa na serikali ya karibu isiyo na mtetezi. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963 ilikuwa na katiba ya majimbo. Jimbo la Pwani lilikuwa na bunge lake, na Ronald Ngala ndiye aliyekuwa rais wa jimbo. Kufikia mwisho wa mwaka 1964 mfumo huo ulikuwa umevunjwa.

Yakabaki mabaraza ya miji na mabaraza ya vijijini. Mwaka 1969 ilipitishwa sheria ya kuyanyang'anya mabaraza ya vijijini kazi zake kubwa tatu, yaani shule za msingi, afya na barabara, zikarudishwa serikali kuu. Miji mikubwa kama Mombasa iliachiwa zake, lakini Lamu, Tana River, Kwale, Kilifi na Taita Taveta zilibaki na masoko, leseni na ada za hapa na pale.

Hadi mwaka 2013 nchi ilikuwa na mabaraza 175 ya namna hiyo. Yalikuwa na jumuiya yake ya kitaifa, iliyojulikana kwa ufupisho wa ALGAK. Tatizo halikuwa kukosa jumuiya. Tatizo lilikuwa kwamba Waziri wa Serikali za Mitaa ndiye aliyekuwa akiidhinisha bajeti na sheria ndogo za mabaraza, na alikuwa na uwezo wa kulivunja baraza. Jumuiya inayomtetea mtu mbele ya bwana mwenye uwezo wa kumfuta haiwezi kubishana sana, huomba. Mafanikio yanayokumbukwa ya enzi hizo ni sheria ya mwaka 1998 iliyotenga asilimia 5 ya kodi ya mapato kwa ajili ya mabaraza. Mfuko huo, LATF, ulisaidia, lakini ulikuwa wa sheria ya kawaida tu. Bunge lililoutoa lingeweza kuuondoa.

Katiba ya 2010 iligeuza mambo. Kaunti 47 zilizoanza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013 si matawi ya wizara. Zimetajwa ndani ya Katiba, kazi zake zimeorodheshwa katika Jedwali la Nne, na Kifungu cha 203 kinasema zisipate chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Jumuiya ya serikali za namna hii haina haja ya kupiga magoti.

Baraza la Magavana kisheria

Baraza la Magavana si chama kilichosajiliwa kama vyama vingine. Limeundwa na kifungu cha 19 cha Sheria ya Mahusiano ya Serikali ya mwaka 2012. Wanachama ni magavana wote 47, na huchagua wenyewe mwenyekiti na makamu wake. Mwenyekiti hukaa mwaka mmoja na anaweza kuchaguliwa tena mara moja. Wa kwanza alikuwa Isaac Ruto wa Bomet. Wakafuata Peter Munya wa Meru, Josphat Nanok wa Turkana, Wycliffe Oparanya wa Kakamega, Martin Wambora wa Embu, Anne Waiguru wa Kirinyaga, ambaye ndiye mwanamke wa kwanza kushika kiti hicho, na Ahmed Abdullahi wa Wajir aliyechaguliwa mwaka 2024. Msomaji ataona kwamba katika orodha hiyo hakuna gavana wa Pwani.

Kifungu cha 20 ndicho kinachotaja kazi zake. Ni kushauriana baina ya kaunti, kupashana habari za utendaji, kujadili mambo yanayozihusu zote, kutatua migogoro ya kaunti na kaunti, kuwajengea magavana uwezo, na kufuatilia miradi ambayo kaunti mbili au zaidi zimekubaliana kuifanya pamoja. Kuna kazi nyingine moja ambayo watu wengi hawaijui: Baraza linapaswa kujadili mambo yanayoletwa mbele yake na mwananchi. Nitairudia mwishoni.

Juu ya Baraza kuna Mkutano wa Kilele, ambapo Rais hukaa na magavana wote 47. Kwa mambo ya fedha kuna baraza jingine la bajeti na uchumi, maarufu kama IBEC, linaloongozwa na Naibu wa Rais. Hapo ndipo mazungumzo ya mgao huanza kabla hayajafika bungeni. Anayedhani mgao hupangwa bungeni tu, amekosa nusu ya kikao.

Tofauti moja ielezwe vizuri, kwa sababu huchanganya watu. Seneti pia imepewa kazi ya kutetea kaunti, kwa Kifungu cha 96 cha Katiba. Lakini Seneti inatetea kaunti pamoja na kuichunguza serikali ya kaunti, ilhali Baraza linatetea serikali ya kaunti. Ndiyo maana hawa wawili leo huwa bega kwa bega na kesho wako mahakamani. Likiwa suala la kuongezewa pesa, huwa kitu kimoja. Likiwa suala la gavana kuitwa kueleza pesa zilivyotumika, huachana njia.

Vita vya mgao

Kazi kubwa ya Baraza kwa miaka yote imekuwa pesa. Asilimia 15 ya Katiba ni kima cha chini, na huhesabiwa kwa hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kupitishwa na Bunge la Taifa. Bunge likichelewa kupitisha hesabu, asilimia inahesabiwa kwa mapato ya miaka ya nyuma, ambayo ni madogo kuliko ya leo. Kwa hivyo serikali kuu inaweza kusema imetoa zaidi ya asilimia 15, na magavana wakasema hazitoshi, na wote wawili wakawa hawajasema uongo.

Mwaka 2014, chini ya Isaac Ruto, Baraza lilianzisha kampeni ya Pesa Mashinani, likitaka kura ya maamuzi ili mgao upandishwe hadi asilimia 45. Kampeni hiyo haikufika kwenye debe. Hata hivyo iliwafundisha Wakenya wengi kuuliza mgao wa kaunti yao ni kiasi gani.

Mwaka 2019 vita vikawa vya wazi. Bunge la Taifa lilitaka kaunti zipewe shilingi bilioni 310, Seneti ikasimama kwenye bilioni 335. Mwaka wa fedha ulianza Julai bila sheria ya mgao, na magavana wakaenda Mahakama ya Juu kuomba ushauri. Mwezi Septemba pande zote zilikubaliana bilioni 316.5. Uamuzi wa mahakama ulitoka Mei 2020: mapendekezo ya Tume ya Ugavi wa Mapato hayalazimishi Bunge, lakini Bunge haliwezi kuyapuuza; na sheria ya mgao lazima itangulie sheria ya matumizi ya serikali kuu. Huo ni ushindi usioonekana kwa macho, lakini unazisaidia kaunti zote hadi leo, zikiwemo zile ambazo magavana wake hawakusema neno.

Mwaka 2024, baada ya vijana kuukataa Mswada wa Fedha, mgao wa kaunti uliokuwa umefika bilioni 400.1 ulipunguzwa. Baada ya mvutano mrefu ukaishia bilioni 387.4. Hiyo ni tofauti ya bilioni 12.7. Mwaka uliofuata mgao ulipanda hadi bilioni 415. Usiulize tu nani alishinda. Uliza kama bila chombo cha pamoja, gavana wa Lamu au wa Tana River angeweza peke yake kuzuia hata bilioni moja isipunguzwe. Mimi naamini hangeweza.

Mahali Baraza linapofikia kikomo

Jumuiya ya wanachama 47 inaweza kudai chungu kiwe kikubwa. Haiwezi kuamua nani apakuliwe kiasi gani, kwa sababu kila anayezidishiwa amepunguziwa mwenzake, na wote ni wanachama.

Hilo lilionekana mwaka 2020. Seneti ilipokuwa inajadili mfumo wa tatu wa ugavi, pendekezo lililokuja na wito wa mtu mmoja shilingi moja lingeongeza pesa kwa kaunti zenye watu wengi na kuzipunguzia zenye eneo kubwa na umaskini mwingi. Kaunti kadhaa za Pwani zilikuwa kwenye orodha ya wanaopoteza. Mvutano ulichukua miezi, ukamalizika Septemba kwa makubaliano kwamba mfumo mpya utaanza pale tu mgao wa jumla utakapoongezeka, ili kaunti yoyote isipungukiwe na ilichokuwa ikipata. Mwaka uliofuata mgao ukapanda hadi bilioni 370. Katika vita ile Baraza la Magavana lilikuwa mahali pagumu: kumtetea mmoja ni kumuumiza mwingine. Waliobeba mzigo walikuwa maseneta.

Funzo kwetu ni hili. Pwani ina viti sita kati ya 47. Kwa jambo linalozihusu kaunti zote, viti sita vinatosha kwa sababu viko pamoja na 41 vingine. Kwa jambo linaloihusu Pwani peke yake, Baraza la kitaifa halitoshi. Hapo ndipo panapohitajika jumuiya ya nyumbani.

Jumuiya ya Kaunti za Pwani

Jumuiya ya Kaunti za Pwani inaziunganisha Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta. Kwa sensa ya 2019, kaunti hizi sita zilikuwa na watu 4,329,474. Kilifi ndiyo yenye watu wengi zaidi, 1,453,787, na Lamu ndiyo yenye wachache, 143,920. Ndani ya Jumuiya wote ni wanachama sawa, na hilo kwa kaunti ndogo si jambo dogo. Tana River na Lamu vilevile zimo katika muungano wa kaunti za mipakani na za kaskazini, kwa hivyo zina mguu huku na mguu kule.

Tofauti na Baraza la Magavana, miungano ya kiuchumi ya kaunti haikuundwa na kifungu cha Sheria ya 2012. Imejengwa kwa makubaliano, ikiegemea Kifungu cha 189 cha Katiba kinachoruhusu serikali kushirikiana na kuunda kamati na mamlaka za pamoja. Faida yake ni wepesi. Hasara yake ni kwamba gavana mmoja akikasirika au akibadilika baada ya uchaguzi, hakuna sheria inayomfunga abaki mezani.

Kazi yake iliyojulikana zaidi ni ya uchumi wa bahari. Mradi wa Go Blue, uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya, ulipitia katika Jumuiya na kuzigusa kaunti zote sita, kwa shabaha ya ajira za vijana na wanawake, uvuvi, utalii na utunzaji wa mazingira ya pwani. Mfadhili wa aina hiyo hapendi kuandika mikataba sita. Anapokuta mlango mmoja, hubisha hodi. Bila Jumuiya, pesa kama hizo zingepitia wizara Nairobi au zingekwenda kaunti moja yenye ofisi nzuri ya kuandika maombi.

Lakini mtihani mkubwa wa Jumuiya, kwa maoni yangu, ni maji. Maji ya Mombasa hayatoki Mombasa. Yanatoka chemchemi za Mzima katika Taita Taveta, Baricho katika Kilifi, na Marere na visima vya Tiwi katika Kwale. Bwawa la Mwache nalo liko Kwale. Wakala wa serikali kuu ndiye anayesimamia mabomba makubwa na kuziuzia maji kampuni za kaunti. Matokeo yake, mtu wa Taita Taveta anaona bomba linapita karibu na kijiji chake likienda mjini ilhali yeye anachota mtoni. Mtu wa Kisauni ananunua mtungi. Na madeni ya maji yanazunguka baina ya kampuni na wakala. Hakuna kaunti moja inayoweza kulimaliza jambo hili peke yake. Ni la kaunti nne angalau, na serikali kuu. Kama Jumuiya ina kazi moja ya kupimiwa, ni hii.

Vivyo hivyo na mipaka. Mzozo wa Kwale na Taita Taveta juu ya Mackinnon Road, nani akusanye ada na nani atoe huduma, ni wa miaka mingi. Jumuiya wala Baraza haliwezi kuhamisha mpaka, kwa kuwa Kifungu cha 188 cha Katiba kina utaratibu wake mzito wa tume na kura za bunge. Linaloweza kufanya ni kuwakalisha pamoja wakubaliane juu ya ada na huduma wakati mpaka unasubiri. Kwa mfanyabiashara anayedaiwa leseni mara mbili, hilo ndilo linalomhusu.

Jukwaa la mabunge ya kaunti

Kaunti haina gavana tu. Ina bunge lake pia. Wadi za Pwani ni 130: Kilifi 35, Mombasa 30, Kwale 20, Taita Taveta 20, Tana River 15 na Lamu 10. Wawakilishi wadi nao wana jukwaa la kitaifa la mabunge ya kaunti, CAF, linalounganisha mabunge yote 47, na makarani wao wana chama chao.

Jukwaa hili limepigania hasa bunge la kaunti liwe na mamlaka juu ya pesa zake, lisimtegemee gavana kuzifungulia. Dai hilo lina maana. Bunge linalomwomba gavana mafuta ya gari haliwezi kumchunguza gavana huyo sawasawa. Ila wananchi wengi hulisikia jukwaa hilo linapozungumzia marupurupu na safari tu, na sifa ya namna hiyo ikishaingia haitoki kwa urahisi. Wawakilishi wetu wangelitumia pia kubadilishana namna ya kukagua bajeti na kuendesha ushirikishi wa umma, wananchi wangeliona jukwaa hilo kwa jicho jingine.

Upande wa msaada

Upande wa kusaidia hauonekani sana kwa sababu hauna kelele. Baraza la Magavana lilianzisha Kituo cha Maarifa mwaka 2017, kinachokusanya mifano ya yaliyofaulu katika kaunti ili wengine wajifunze. Kila mara pia hufanyika Kongamano la Ugatuzi, na inafaa wasomaji wajue kwamba la kwanza kabisa, mwaka 2014, lilifanyika hapa kwetu Kwale.

Baraza pia huziunganisha kaunti zinapokuwa waajiri. Afya iligatuliwa, kwa hivyo madaktari wengi na wauguzi ni wafanyakazi wa kaunti. Mgomo wa madaktari wa siku 100 uliomalizika Machi 2017, na ule wa siku 56 uliomalizika Mei 2024, yote Baraza lilikuwa mezani kwa niaba ya kaunti. Hapo pana faida na pana hatari. Faida ni kwamba kaunti 47 hazilazimiki kufanya mazungumzo 47. Hatari ni kwamba ahadi hutolewa Nairobi na malipo hudaiwa Voi, Hola na Malindi. Kaunti ikishindwa kulipa, Baraza halina mfuko wa kuisaidia, na anayebaki bila daktari ni mgonjwa.

Majirani wanafanyaje

Kwa wenzetu wa Tanzania, halmashauri zilivunjwa mwaka 1972 na kurudishwa kwa sheria za mwaka 1982. Ziliporudi kazini mwaka 1984, mwaka huohuo ikaundwa jumuiya yao, ALAT. Wanachama wake ni halmashauri za wilaya, miji, manispaa na majiji ya Tanzania Bara. Kilichowasukuma ni kumbukumbu: waliona jinsi halmashauri zilivyofutwa bila mtu wa kuzisemea.

Afrika Kusini wamekwenda mbali zaidi. Katiba yao inaitambua jumuiya ya serikali za mitaa, SALGA, na kuiruhusu kupeleka hadi wajumbe kumi katika baraza la pili la bunge. Wajumbe hao husema lakini hawapigi kura. Sisi tumechagua njia nyingine: tuna Seneti yenye kura, na Baraza la Magavana lililo nje ya bunge. Kila njia ina lake. Ya kwao inaipa jumuiya kiti. Ya kwetu inaiacha huru kwenda mahakamani bila haya.

Nani analipia, na nani anauliza

Sheria ya 2012, kifungu cha 37, inasema gharama za vyombo vilivyoundwa na sheria hiyo zitengwe katika makadirio ya serikali kuu. Kwa vitendo, kaunti zimekuwa zikichangia kutoka mifuko yao, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu amehoji michango hiyo katika ripoti zake. Mimi sioni vibaya kaunti kuchangia chombo kinachoitetea. Anayelipiwa kila kitu na serikali kuu hawezi kuibishia serikali kuu. Lakini mchango wowote uwe na sheria iliyo wazi, uandikwe kwenye bajeti kwa jina lake, na mwananchi auone.

Hapo ndipo penye upungufu. Nimehudhuria vikao vya ushirikishi wa umma vya bajeti ya kaunti yangu. Watu huuliza barabara, basari na taa za mtaani, na ni haki yao. Sijasikia mtu akisimama kuuliza: mwaka huu tumechangia kiasi gani kwa Baraza na kwa Jumuiya, na gavana wetu alipeleka hoja gani huko? Safari zikitajwa, hutajwa kama gharama. Hazitajwi kama kazi yenye matokeo.

Na hili lina uzito wake. Mwaka 2014 magavana walipokataa kwenda mbele ya Seneti kujibu maswali ya ukaguzi, walisimama kwa umoja uleule wanaoutumia kudai mgao. Mahakama ikasema Seneti ina uwezo wa kuwaita. Umoja unaotuletea pesa ndio huohuo unaoweza kumkinga mtu asiulizwe pesa zilikwenda wapi. Chombo hakina kosa. Kosa ni sisi kukiacha bila kukiuliza.

Mambo manne ambayo mwananchi anaweza kufanya

La kwanza, wakati wa kikao cha bajeti, uliza mstari wa michango kwa jumuiya na miungano. Uliza kiasi, na uliza kilichopatikana.

La pili, tumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016. Unaweza kuandika ombi kwa Kiswahili, kwa kaunti yako au kwa chombo chochote cha umma, na wanatakiwa kukujibu ndani ya siku 21. Si lazima ueleze sababu ya kutaka habari hiyo.

La tatu, ikumbukwe ile kazi ya kifungu cha 20 niliyoitaja. Mwananchi anaweza kupeleka jambo mbele ya Baraza la Magavana. Kamati za maji za vijiji vinavyopitiwa na bomba la Mzima, vyama vya wavuvi vinavyodaiwa ada na kaunti mbili, wafanyabiashara wa Mackinnon Road: hawa wote wana jambo linalovuka mpaka wa kaunti moja. Barua yenye saini za watu mia, nakala kwa Jumuiya ya Kaunti za Pwani na kwa seneta, ni vigumu kuiweka kabatini.

La nne, mwulize mwakilishi wadi wako kama bunge la kaunti limewahi kuitisha taarifa ya gavana juu ya yale yanayoamuliwa katika Jumuiya. Makubaliano yanayoifunga kaunti yafaa yajadiliwe na bunge lake kabla ya kutiwa saini, si kusomwa gazetini baadaye.

Magavana wataendelea kukutana, na mwenyekiti ataendelea kuipa Wizara ya Fedha siku kadhaa. Viti sita vya Pwani viko pale kwa jina letu. Kikao cha bajeti kijacho kitakapotangazwa katika wadi yako, nenda na swali moja la maji au la ada, ulizia limefikishwa wapi, na utake jibu kwa maandishi.